Perez Awino na Saa Zake Thelathini na Saba

Wasifu wa marehemu Perez Awino Oyier (1950–1998), ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Mwalimu Benta Rading', Ahero, Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1998

Wazee wa boma hili, wachungaji, ndugu na majirani. Kabla sijaanza naomba mfungue programu zenu ukurasa wa tatu. Wasifu uliochapwa hapo una aya sita. Niliopeleka kwa kamati ya mazishi ulikuwa mrefu zaidi ya hapo. Nimeambiwa nafasi haikutosha, ingawa nafasi ya tangazo la mwenye hema na vipaza sauti imepatikana. Basi nitausoma mzima, kama nilivyouandika.

Perez Awino alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, Kombewa, katika nchi ya Seme. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Absalom Rading' na Mama Dorka Abuto, ambaye ameketi hapa mbele na ambaye hakutarajia kumzika mtoto wake. Baba alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Kombewa. Watoto wengine tulikwenda kwake kuomba peremende; Perez alikwenda kukaa. Alipokuwa na miaka sita alikuwa anajua kuosha gololi kwa mafuta ya taa na kuzirudisha mahali pake bila hata moja kubaki chini. Siku moja baba alitoka kidogo, aliporudi akakuta mteja ameondoka na baiskeli yake imetengenezwa. Baba aliitazama njia jioni nzima akingoja mteja arudi na gurudumu mkononi. Mteja alirudi kweli, lakini baada ya wiki mbili, akauliza, "Yule fundi mdogo yuko?"

Alianza shule ya msingi Kombewa mwaka 1957 na kuimaliza mwaka 1964 akiwa wa kwanza miongoni mwa wasichana, na wa pili darasani kote. Aliingia sekondari mwaka 1965. Mwisho wa mwaka 1966, akiwa kidato cha pili, alitolewa. Baba alisema karo iliyopo ni ya mtoto mmoja, na mtoto huyo ni wa kiume. Kaka yetu, aliyesoma kwa nafasi ile, yuko hapa leo na amekiri mwenyewe mara nyingi kwamba Perez alimzidi hesabu. Hana kosa, alikuwa mtoto kama sisi. Lakini jambo hilo lilitokea, na wasifu ni mahali pa mambo yaliyotokea.

Tarehe 1 Septemba 1970 marehemu aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika kiwanda cha pamba cha Dunga Ginners, Kisumu. Alifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita, na wengi wenu mliwahi kuisikia sauti yake kabla ya kuuona uso wake. Huko ndiko habari ya saa ilikoanza. Mwaka 1971, ndani ya mwezi mmoja, msimamizi wake alimwandikia barua tatu za kuchelewa kazini. Perez alijua hakuchelewa. Saa ya ukutani ndiyo iliyokimbia. Basi alikwenda mjini akanunua saa ya mkono, Roamer, ya kiume, akaifunga mkononi, akaomba kumwona meneja. Wakafungulia redio, wakangoja ile milio sita ya saa saba mchana. Saa ya Perez ilikuwa sawasawa. Ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika sita na nusu. Barua zote tatu zilichanwa.

Msimamizi, badala ya kuomba radhi, alimwambia, "Lakini Perez, mwanamke na saa kubwa namna hiyo? Si ungenunua ile ndogo ya akina mama?"

Perez alimjibu, "Ile ndogo ni ya kupendeza. Mimi nataka kusoma."

Naomba mlishike jibu hilo, kwa sababu baadaye alikuja kuulizwa swali lile lile na watu wa karibu zaidi.

Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa na Tom Oyier wa hapa Ahero, dereva wa trekta katika mashamba ya mpunga. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Lornah mwaka 1975 na Wilkister mwaka 1979. Perez alipanga nyumba Manyatta, Kisumu, kwa ajili ya kazi, na mwisho wa wiki ama Tom alikwenda mjini ama Perez alikuja huku. Tom alikuwa na saa moja tu maishani mwake, Citizen yenye kioo kilichokwaruzwa na makapi ya mpunga, na hakuwa na haja ya nyingine. Wageni walipomuuliza ni saa ngapi, alisema, "Muulizeni mwenye saa." Aliyasema hayo katika boma hili, mbele ya ndugu zake, zaidi ya mara moja.

Mwaka 1981 Roamer ilihitaji kusafishwa, na Perez akaipeleka kwa fundi Seif Idd, aliyekuwa na meza yake barazani mwa duka la vitambaa karibu na msikiti. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuta wanaume watano wamezunguka meza wakilinganisha saa zao na redio. Mmoja wao, Bwana Wanyonyi, garda wa treni, alikuwa anajigamba kwamba Seiko yake hupoteza sekunde kumi tu kwa wiki.

"Yangu hupoteza tano," Perez akasema.

Wakacheka. Seif hakucheka. Akasema, "Mama, iache hapa hadi Jumamosi ijayo."

"Nitaiacha, lakini usiku uilaze ubavu, kile kifunguo cha kukazia kikitazama juu. Ukiilaza chali inakimbia."

Jumamosi iliyofuata redio ilipiga milio yake, wote wakainama juu ya kisanduku cha kioo ambamo Seif aliiweka. Roamer ilikuwa nyuma kwa sekunde nne. Wanyonyi alisimama, akaisukuma stuli yake kwa Perez, akasema, "Kaa, mwalimu." Tangu siku hiyo stuli ile ilikuwa yake.

Nimesikia ikisemwa, hata wiki hii, kwamba marehemu alipoteza pesa kwa mambo ya kiume. Nitajibu mara moja tu. Mabinti zake hawakurudishwa nyumbani kwa karo hata siku moja. Nyumba hii ya mabati mnayoiona nyuma yangu aliijenga pamoja na Tom. Kilichobaki kilikuwa chake, naye alikitumia kwa kitu alichokipenda. Walio na ng'ombe wawapendao hawaulizwi. Walio na redio kubwa kuliko kitanda hawaulizwi. Kufikia mwaka 1991 alikuwa na saa thelathini na saba. Nyingine alizikuta zimekufa katika mikebe ya mafundi, akazifufua kwa subira. Hakuzitaka kwa sababu zinang'aa. Kuna moja ilikuwa na uso wa manjano kama meno ya mzee, naye aliipenda kupita zote kwa vile ilitembea kwa adabu. Kila moja ilikuwa na ukurasa wake katika daftari: lini ameipata, kwa nani, na kila wiki imeongeza au imepunguza sekunde ngapi. Za betri hakuzikusanya. Alisema hazikosei, kwa hiyo hazina mazungumzo.

Tom Oyier alifariki tarehe 6 Juni 1991 kwa homa ya uti wa mgongo, akazikwa hapa tarehe 15. Siku ya Jumanne, tarehe 18, Perez akiwa bado ndani ya nyumba ya matanga, hawezi kutoka, shemeji yake, Mzee Enos, alichukua ufunguo wa nyumba ya Manyatta uliokuwa umetundikwa mlangoni, akaenda Manyatta na pikapu. Alirudi na kitanda, kabati, na sanduku la mbao. Mzee Enos yupo hapa, nami namsalimu kwa heshima anayostahili mwenye boma. Sanduku lilifunguliwa pale uani, mchana kweupe, na saa zikapitishwa mkono kwa mkono. Wanaume walizijaribu kama watu wanaojaribu viatu sokoni. Nilikuwapo. Nilimwona dada yangu akitoka nje kinyume cha desturi.

Alisema, "Shemeji, hizo ni zangu."

"Mama Lornah, tangu lini mwanamke akavaa saa ya kiume? Hizi ni za ndugu yangu. Alikuwa anakuachia uzivae tu."

"Niulize basi niliipata wapi hiyo uliyoshika."

"Rudi ndani. Mfiwa habishani."

Zilikwenda zote thelathini na saba, na ile Citizen ya Tom pia. Hata Roamer ya mwaka 1971, iliyonunuliwa miaka mitatu kabla Perez hajalijua jina la Tom Oyier, ilikwenda kama urithi wa Tom Oyier. Daftari liliachwa sakafuni Manyatta. Hakuna aliyedhani lina maana.

Perez hakupiga kelele. Alimaliza matanga, akarudi kazini, na tarehe 5 Machi 1992 alisimama katika baraza la chifu wa wakati ule, na daftari mkononi. Seif alikuja kutoka Kisumu kuwa shahidi. Alisema, "Kumi na tisa nilimuuzia mimi, kwa mkono huu. Bwana Tom nilimwona mara mbili tu, na mara zote mbili alikuja kumbebea mkewe mwavuli."

Mzee mmoja akamwambia, "Wewe si wa huku."

Seif akajibu, "Mimi nimezaliwa Kisumu, Mzee. Baba yangu Idd amezikwa Kisumu. Lakini hata ningezaliwa mbinguni, saa ningekuwa nimemuuzia yule yule."

Wakalitazama daftari. Wakakubali kwamba mwandiko ni wa Perez. Kisha wakasema kwamba karani huandika mali ya bosi wake, na kuandika si kumiliki. Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi, nami nilisahihisha vitabu vya watoto kwa miaka mingi bila kukutana na jibu la kipuuzi kama hilo.

Ndipo Perez alipoomba jambo moja. Siku ile wanaume kumi na wanne walikuja barazani wakiwa wamezivaa. Aliomba zivuliwe, ziwekwe mezani, yeye akageuka akawapa mgongo, na karani wa chifu akaziweka sikioni mwake moja moja. Tulisikia hata kuku wakiparua uwanjani.

"Hii ni Oris. Niliinunua mwaka wa themanini na tatu. Ina kikohozi kidogo, mmeisikia? Hii ni Seiko, imetiwa maji, nani alioga nayo? Hii ni ile yangu yenye uso wa manjano. Mmeikaza ufunguo kupita kiasi, inalia."

Aliendelea hivyo hadi ya kumi na tatu, na daftari likamkubali kila mara. Ya kumi na nne aliisikiliza kwa muda mrefu kuliko zote. Kisha akasema, "Hii si yangu. Hii ndiyo ya Tom. Kama mnagawa za Tom, gaweni hii."

Watu walipiga makofi. Kuna wanawake walisimama. Nami nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba jambo limekwisha.

Wazee walijitenga kwa robo saa. Walirudi na uamuzi kwamba mama huyu amezijua saa vizuri kwa sababu ameishi nazo, na mke huishi na mali ya mumewe. Kila mtu aondoke na alichokuja nacho. Wanaume kumi na wanne walikwenda mezani wakavaa. Sikulielewa hilo siku ile, silielewi leo, na sitajifanya nimelielewa kwa sababu tuko msibani.

Kwa miaka sita iliyofuata marehemu alisali katika kanisa moja na watu wale wale. Mikono ilipoinuliwa katika wimbo, aliziona saa zake zikipanda na kushuka. Na hapa pana jambo ambalo kamati hasa ilitaka niliondoe. Saa hizo zilianza kuharibika, kwa maana waliozichukua hawakujua kuzitunza. Na ziliposimama, walimletea yeye. Ndiyo. Walimletea Perez saa zake mwenyewe awatengenezee. Naye alizitengeneza, akawarudishia.

Nilikasirika. Nilimuuliza, "Dada, kwa nini usiifungie ndani tu? Imekuja yenyewe mlangoni kwako!"

Akaniambia, "Benta, saa haijaiba."

Nilipiga kelele kwamba anawafanya wawe na raha. Akasema, "Nikiifungia ndani atasema nimeichukua. Nataka aseme ameirudisha."

Wa kwanza kulisema neno hilo alikuwa Walter, binamu ya Tom, mwaka 1994. Alileta Oris itengenezwe. Perez akaifungua mbele yake, akamwonyesha vumbi, akamweleza kila gurudumu linafanya nini, kama anavyofundishwa mwanafunzi. Alipomaliza akamnyooshea. Walter hakuipokea. Alisema, "Mama Lornah, nimekuja kuirudisha," akatoka bila kunywa chai. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wengine kwa kuwatuma wake zao. Kufikia mwaka 1997 zilikuwa zimerudi tisa. Walter yuko hapa, nami namshukuru mbele ya watu. Waliobaki hawakurudisha, na sina la kuwashukuru.

Rafiki zake wa Jumamosi hawakumtupa. Seif na Wanyonyi walitaka kila mmoja ampe saa moja ya kuanzia upya. Alikataa. Alisema hawezi kuvaa saa asiyoichagua. Lakini stuli aliendelea kuikalia, na Jumamosi aliwasomea wenzake sekunde za saa zao, mkono wake ukiwa mtupu.

Mwaka 1996 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, akaacha kazi mwezi Desemba mwaka huo. Mwanzoni mwa mwaka huu figo zilidhoofika. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho hospitalini Kombewa, karibu na Mama, ambako wauguzi walimhudumia kwa upole na tunawashukuru. Tarehe 11 Julai, akili yake ikiwa timamu kabisa, aliandika karatasi kwa mkono wake, na Seif na Wanyonyi wakatia sahihi: saa tano ni za Lornah, nne ni za Wilkister. Alimtazama Wanyonyi akiandika jina lake, akamwambia, "Sahihi nzuri, garda. Sasa niambie Seiko yako inapoteza ngapi." Wanyonyi alisema kumi. "Muongo," Perez akasema, nao wakacheka hadi muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 8 Septemba 1998, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mama alikuwa ameushika mkono mmoja, mimi mwingine.

Ningependa kuishia hapo. Lakini juzi Alhamisi, kaburi hili likiwa halijachimbwa, wanaume wawili wa boma hili walimfuata Lornah jikoni, alikokuwa anasaidia kupika, wakamuuliza zile saa tisa za kaka yao ziko wapi. Walisema mabinti wataolewa, na mali ya boma haitoki nje ya boma. Mtoto alikuwa na siku tisa bila mama. Walimuuliza huku mmoja wao amevaa, mkononi, saa ambayo haina uhusiano wowote na kaka yake.

Basi tusitafutane jikoni. Mabinti wa marehemu wako hapa mbele yenu, kando ya jeneza. Nimewaambia wakunje mikono ya nguo zao. Lornah amevaa Roamer. Wilkister amevaa ile yenye uso wa manjano. Nyingine saba ziko katika mfuko nilioushika. Karatasi ya tarehe 11 Julai ninayo, na mashahidi wote wawili wameketi safu ya pili. Mwenye kusema hizi si za Perez Awino asimame sasa, apite mbele ya Mama Dorka, aje azivue mikononi mwa watoto hawa mbele ya watu wote. Nitanyamaza dakika moja. Lornah, tutazamie.

Dakika imekwisha. Hakuna aliyesimama. Mchungaji na watu wote ni mashahidi.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Dorka Abuto. Mabinti wawili, Lornah na Wilkister. Kaka mmoja na dada wawili. Mashemeji, wapwa na wajukuu wa ukoo. Wafanyakazi wenzake wa Dunga Ginners. Na rafiki zake wa Jumamosi, ambao si ndugu wa damu lakini nimewaandika hapa kwa sababu yeye angewaandika.

Bwana ampokee dada yetu Perez, ampumzishe mahali ambapo hakuna atakayemuuliza alikipataje kilicho chake.